Mgongo Unauma, Mwanasaikolojia wa Nini?

“Kwa hiyo, dokta, unasema nina kichaa?”

Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa ameshasimama, mkoba begani. Anakaa Mabatini, hapa Mwanza, juu kabisa kwenye mawe, kule ambako bodaboda anakushusha chini na sehemu iliyobaki unaimaliza kwa miguu. Biashara yake ni dagaa. Mgongo ulimwanza miaka sita nyuma, siku alipoteleza akiwa na ndoo ya maji kichwani, na hadi leo haujamwacha. Eksirei aliyoitunza ndani ya bahasha ya kaki haikuonyesha mfupa uliovunjika wala pingili iliyohama. Nami, baada ya kumpima na kumwonyesha mazoezi, nilimwambia ningependa pia aonane na mwanasaikolojia.

Nilimwomba akae, nikamwomba na radhi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, ingawa kwetu kila mwenye koti jeupe huitwa dokta, na kosa nililolifanya siku ile nimeliona likifanywa mara nyingi. Tunamtajia mgonjwa mwanasaikolojia dakika ya mwisho, macho yakiwa kwenye faili, kana kwamba tumeishiwa. Anachokisikia yeye ni kwamba hatumwamini. Wengi huondoka wasirudi. Mama huyu alikaa, na nilichomweleza ndicho ninachokiandika hapa.

Maumivu yake ni ya kweli. Eksirei inapiga picha ya mfupa; haipigi picha ya maumivu. Mtu anaweza kuwa na pingili zilizolika asisikie lolote, na mwingine akawa na picha safi huku halali usiku. Maumivu yakidumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3 tunayaita maumivu sugu, na hapo tabia yake hubadilika. Mwanzoni yalikuwa ni taarifa: hapa pameumia, patunze. Kidonda kikishapona, taarifa inapaswa ikome. Kwa baadhi yetu haikomi. Neva zilizokuwa zikipeleka taarifa ile huwa nyepesi kushtuka, na ubongo nao huzoea kutarajia hatari. Fikiria mlinzi wa usiku aliyewahi kuvamiwa. Tangu siku hiyo paka akipita anapuliza filimbi. Filimbi ni ya kweli, inaamsha mtaa mzima, lakini mwizi hayupo.

Mwaka 1965 watu wawili, Ronald Melzack aliyekuwa mwanasaikolojia wa Kanada na Patrick Wall aliyekuwa mtafiti wa neva kutoka Uingereza, walichapisha nadharia iliyobadilisha kazi yetu. Walisema ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama mlango. Taarifa za maumivu zinapofika pale zinaweza kuachiwa zipite au kuzuiliwa, na ubongo wenyewe hutuma amri kutoka juu. Sehemu ndogondogo za nadharia hiyo zimesahihishwa tangu wakati huo, ila kiini chake kimesimama. Ndiyo maana ukijigonga ugoko unausugua kwa mkono, na kweli unapata nafuu. Wagonjwa wa Mabatini huwa ninawatajia soko la jirani yao, Mlango Mmoja: mzigo ni uleule, lakini yote yanategemea mlango umefunguliwa kiasi gani. Hofu huupanua. Kukosa usingizi huupanua. Hasira ya kudaiwa kodi, huzuni ya msiba, upweke wa kulala chumbani wakati wenzako wako sokoni, vyote huupanua. Utulivu, usingizi mzuri na mwili unaotembea bila woga huubana.

Mwanasaikolojia anafanya kazi mlangoni hapo.

Kabla ya kumtafuta, hakikisha umepimwa. Maumivu ya mgongo yanayokuja na homa, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao bado tunaukuta. Ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ukapata ganzi sehemu za siri, au miguu ikaanza kulegea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Aliyewahi kuugua saratani na sasa mgongo unamuuma naye asingoje. Na mtoto mwenye selimundu anapobanwa na maumivu makali anahitaji dawa na maji haraka. Ushauri utafuata baadaye, tena unamfaa sana, maana anaishi na hofu ya shambulio lijalo. Nchini kwetu huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni kati ya maeneo yenye wengi.

Sasa, ndani ya chumba hufanyika nini? Watu hudhani watalazwa kwenye kochi waulizwe habari za utotoni. Mara nyingi mazungumzo ni ya vitu vya kawaida kabisa. Mama wa dagaa alipokubali kwenda, jambo la kwanza walilolishughulikia lilikuwa maji. Siku akiamka mgongo umetulia, alikuwa anaharakisha kumaliza kila kitu kabla haujaanza: ndoo za lita 20 tatu mfululizo, nguo za wiki nzima, kisha sokoni. Kesho yake na keshokutwa yuko kitandani. Akipata nafuu, anarudia. Mwenyewe alikuwa anaita huko kupambana, na kwa mwili wake kila mzunguko ulikuwa uthibitisho mpya kwamba kutembea ni hatari.

Basi wakahesabu mawe. Kutoka bombani hadi mlangoni kwake kuna mawe makubwa sita ambayo mtu anaweza kukalia. Zamani alikuwa anakaa maumivu yakishamshinda. Walikubaliana akae kwenye jiwe la pili, la nne na la sita, mgongo uume usiume, na ndoo iwe ya lita 10. Safari zimeongezeka, hilo hakulipenda. Lakini anayeamua wapi pa kupumzika sasa ni yeye. Baada ya wiki kadhaa wakaruka jiwe la pili. Mimi nikiwa na mazoezi yangu upande huu, niliwasiliana na mwanasaikolojia ili tusimvute huku na huku.

Yapo na mengine: kujifunza kupumua taratibu tumbo likijaa, kupanga usingizi, kuyachunguza mawazo kama “nikiinama uti utakatika” na kuyapima kidogokidogo kwa vitendo, kuzungumza na mume ili kusaidiwa kusigeuke kufanyiwa kila kitu. Tiba ya namna hii mara nyingi huwa vikao vichache vya kila wiki. Si jambo la maisha. Nisiwadanganye kuhusu matokeo. Tafiti zinaonyesha faida ya wastani, na kwa wengine ndogo: maumivu hupungua kiasi, uwezo wa kufanya kazi huongezeka, huzuni hupungua. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, liliziweka tiba za kisaikolojia pamoja na elimu na mazoezi, huku likishauri mikanda ya mgongo isitumike kama tiba ya kawaida. Nalitaja hilo kwa sababu mikanda hiyo naiona viunoni mwa watu kila siku, na imewagharimu. Vidonge vya maumivu vya dukani navyo, vikimezwa miaka nenda rudi bila kupimwa, vinaweza kuchimba tumbo na kuumiza figo.

Kumpata mtaalamu hapa Mwanza kunataka subira, maana wanasaikolojia tiba ni wachache nchini kote. Njia ya uhakika zaidi ni ya rufaa: anzia zahanati au kituo cha afya, uombe barua ya kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake, ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda na ina huduma za afya ya akili. Usiogope kibao kilichoandikwa hivyo mlangoni. Pale utakaa benchi moja na mwalimu, polisi na mama mjamzito. Waulize pia maofisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambao hujua nani anapatikana siku gani. Washauri nasaha wa CTC, kliniki za matunzo na tiba kwa wenye VVU, nao wamejifunza kusikiliza kwa mpangilio, na nimewahi kuelekezwa vizuri na mmoja wao. Kuhusu malipo, uliza dirisha la bima kabla ya kikao.

Ukimpata, nawe una haki ya kumuuliza. Amesomea wapi? Amewahi kumhudumia mtu mwenye maumivu ya muda mrefu? Yuko tayari kuwasiliana na daktari wako au mtaalamu wako wa fiziotherapia? Ishara mbaya ziko wazi: anayekuambia maumivu ni ya kujitakia, anayekuahidi kuyamaliza kabisa, anayekuamuru uache dawa ulizoandikiwa, anayesimulia ya mgonjwa mwingine. Huyo muage kwa heshima. Na kama baada ya vikao vitatu au vinne huoni mnakoelekea, mwambie. Mtaalamu mzuri halichukulii kama tusi.

Pasipo na mtaalamu tusikate tamaa. Zimbabwe, tangu 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua matatizo yao hatua kwa hatua. Utafiti wa mpango huo, uliochapishwa 2016, ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Haukuwa wa maumivu ya mgongo, lakini kwangu ni dalili ya kile kinachowezekana Mabatini, ambako bibi wenye hekima na masikio hawapungui.

Wagonjwa wangu wengi wameshapita kwa mfumu, yaani mganga wa kienyeji, kabla yangu. Siwakaripii. Nikiwauliza walipenda nini kule, jibu ni lilelile: alinisikiliza, akaniuliza habari za nyumbani. Sisi tunawapa dakika tano. Ninachowaomba ni wasiache dawa na waniambie walichokunywa, nami najitahidi kuuliza habari za nyumbani.

Mama wa dagaa alinijia tena mwezi uliopita na daftari la shule la binti yake, ambaye ndiye anayemwandikia. Mgongo bado unauma, alisema, hasa mvua ikinyesha. Alinifungulia ukurasa wa juma hilo ili nisome mwenyewe. Jumanne: mawe mawili, maji safari nne. Jumatano: umeuma, sikulala mchana. Alhamisi palikuwa na mstari mmoja wa penseli, herufi kubwa kubwa: mama ameamka saa kumi na moja, amelala usiku wote.