Nguo ya mteja ikiungua, nani analipa?

Ndugu na dada wengi katika miji yetu ya mashariki wanaishi kwa kazi ya kufua na kupiga pasi nguo za watu. Tujue hili: nguo ikiungua kwa uzembe wetu, tunadaiwa. Kifungu cha 258 cha sheria zetu za kiraia, Kitabu cha 3, kinataka aliyemtia mwenzake hasara kwa kosa lake airudishe. Kifungu cha 260 kinatubebesha pia makosa ya wafanyakazi wetu kazini.

Kuna bima, yaani asiransi, ya kulipia hasara tunayowatia wengine. Tangu sheria ya tarehe 17 Machi 2015, SONAS haiko peke yake. Makampuni yenye kibali cha ARCA yanaiuza pia.

Lakini tusome mkataba kabla ya kutia sahihi. Mara nyingi bima hiyo inamlipia mteja aliyeteleza sakafuni kwetu, ila haigusi nguo alizotukabidhi, isipokuwa zimeandikwa wazi. Tuulize pia sehemu ya hasara tutakayojilipia wenyewe.

Na kila nguo inapoingia, tuandike daftarini jina, idadi na madoa yake. Bila daftari, hata mwenye bima atakosa ushahidi.