Maadhimisho ya sakramenti katika parokia za Mbinga

Maadhimisho ya sakramenti katika parokia za Jimbo Katoliki la Mbinga, mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania, yanahusu ibada saba zilezile za Kanisa Katoliki popote duniani: ubatizo, kipaimara, ekaristi, kitubio, mpako wa wagonjwa, daraja na ndoa. Kinachoyapa sura yake huko ni umbali. Parokia moja ina vigango kadhaa, vingine juu milimani kwa Wamatengo, vingine chini ufukoni mwa Ziwa Nyasa, na padre hawezi kuvifikia vyote Jumapili moja.

Historia

Wamonaki Wabenedikto wa Mt. Otilia kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ya Kigonsera mwaka 1899. Jimbo la Mbinga lilimegwa kutoka lile la Songea tarehe 22 Desemba 1986. Askofu wake wa kwanza, Emmanuel Mapunda, alifuatwa na John Ndimbo mwaka 2011.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962-1965) uliruhusu lugha za watu katika liturujia, na Kiswahili kikachukua nafasi ya Kilatini. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walikazia ujenzi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, yaani familia jirani zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba.

Kigangoni

Padre asipokuwepo, katekista huongoza ibada ya Neno la Mungu. Wengi huichanganya na Misa, lakini sivyo: katekista hawezi kugeuza mkate na divai. Akiwa na ruhusa, anaweza tu kugawa komunyo iliyotolewa katika Misa ya awali. Mkate lazima uwe wa ngano na divai ya zabibu, hata mahali ambapo chakula cha kila siku ni ugali wa muhogo na samaki.

Kwa ubatizo wa mtoto, jumuiya ndiyo inayowajua wazazi, hivyo ushuhuda wa viongozi wake una uzito. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza kwa kummiminia maji huku akitaja Utatu Mtakatifu. Akipona habatizwi tena, bali hukamilishiwa madhehebu yaliyobaki kanisani. Vivyo hivyo Mwanglikana anayejiunga na Wakatoliki: ubatizo wake hutambuliwa. Jambo hilo si dogo ufukoni, ambako Uanglikana ulifika kutoka kisiwa cha Likoma.

Kipaimara kwa kawaida hutolewa na askofu mwenyewe, kwa hiyo ziara yake hukusanya vijana wa vigango vingi kwa siku moja.

Ndoa

Hapa ndipo penye ugumu mkubwa. Wanaoishi kama mume na mke bila ndoa ya Kanisa hawapokei komunyo, wala hawafai kuwa wasimamizi wa ubatizo. Wengi wao hawapingi mafundisho. Wanangoja mahari imalizike, au fedha ya kahawa itoshe kwa sherehe. Ngojangoja hiyo inaweza kudumu hadi watoto wakue. Ibada yenyewe haidai keki wala gari la kukodi. Inahitaji watu wawili walio huru kuoana, ridhaa yao, padre au shemasi, na mashahidi wawili. Ndiyo maana kufungisha ndoa za watu kadhaa katika Misa moja ni msaada wa kweli kwa maskini, ingawa wapo wanaoona ni aibu.

Mpako wa wagonjwa

Sakramenti hii hutolewa na padre tu. Mafuta yake hubarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma, karibu na Pasaka, kisha hupelekwa parokiani. Tangu 1972 si lazima yawe ya zeituni. Mafuta mengine ya mimea yanakubalika.

Mazoea ya zamani ya kuiita “mpako wa mwisho” yameleta madhara: familia huogopa kwamba kumwita padre ni kutangaza kifo, basi hungoja. Wakati wa masika, barabara za milimani zikiwa tope, kuchelewa siku moja kunatosha. Padre akikuta mgonjwa ameshafariki kwa hakika, hampaki mafuta. Anamwombea marehemu pamoja na wafiwa.