Bolti Iliyokatika Ndani ya Injini



Msimu unapokaribia sote hutazama mikarafuu yetu, hutengeneza majamvi na kutafuta wachumaji. Gari hukumbukwa mwisho. Ilhali gari ndilo lizitoalo karafuu shamba na kuzifikisha penye uwanja wa kuanikia, nazo karafuu mbichi hazina subira. Zikilala guniani hupata moto, na hata zikija kukauka huwa zimepauka na kusinyaa, na daraja yake hushuka. Basi injini iliyosimama siku mbili wakati wa uchumaji ina hasara isiyoonekana katika hesabu ya fundi.

Twaandika haya kwa kuwa mara nyingi kinachoisimamisha injini ni bolti moja tu. Tutwae mfano wa kifuniko cha thamostati, ambacho katika injini nyingi hukaa pale mpira wa juu wa rejeta unapoingia. Kikivuja maji, fundi hutia spana namba 12, huvuta, na mara kichwa cha bolti kikamjia mkononi, mguu wake ukabaki ndani ya tundu.

Yafaa kwanza tujue sababu. Kutu hushika nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hivyo ndani ya hesi, yaani ile mifuo izungukayo, hujaa na kubana kama kabari. Kwetu visiwani hewa yenyewe ina chumvi. Tena ikiwa bolti ni ya chuma nalo tundu limo katika aluminiamu, metali hizo mbili zikipata maji ya chumvi hufanya kazi kama betri. Aluminiamu huliwa, ikatoa unga mweupe unaoishikilia bolti. Mtu akiongeza nguvu, hesi haziachii, na bolti hukatika shingoni.

Kwa hivyo bolti yenye kutu isivutwe kwa mkupuo mmoja. Isuguliwe kwa brashi ya waya, itiwe mafuta mepesi ya kupenya, iachwe hata usiku kucha. Igongwe kichwani kidogo kidogo ili kutu ipasuke na mafuta yapate njia. Kisha ikazwe kidogo, ilegezwe kidogo, na ikianza kulia itiwe mafuta tena. Spana ikiwa yaenda kwa ulaini kama inayovuta mpira, simama hapo hapo, maana bolti yajipinda wala haizunguki.

Na ikiwa imekwisha kukatika, zipo njia nne, nasi twazipanga kuanzia iliyo nyepesi.

Ya kwanza ni koleo. Kifuniko kikitoka na kipande cha bolti kikachomoza, kitiwe mafuta, kibanwe kwa koleo lenye kujifunga, kizungushwe huku na huku.

Ya pili ni moto. Kipashwacho ni ile metali ilizungukayo tundu, ili tundu lipanuke. Aluminiamu hupanuka kwa moto karibu mara mbili ya chuma, kwa hivyo hapo moto husaidia sana. Lakini tahadhari: aluminiamu huyeyuka kwenye digrii 660, wala haiwi nyekundu kwanza. Mtu huiona iko vile vile, kumbe yaanguka. Wala moto usiwashwe karibu na mipira ya petroli au dizeli. Metali ingali moto, gusisha mshumaa ukingoni mwa bolti. Nta huyeyuka na kunyonywa ndani ya hesi, ikawa ndiyo kilainishi.

Ya tatu ni kulehemu nati. Betri ifunguliwe kwanza. Nati huwekwa juu ya kipande kilichobaki, ikalehemiwa kwa ndani ya tundu lake hata ishikane na bolti. Faida yake ni mbili: tumepata pa kutia spana, na ule moto wa kulehemu umekwisha kuilegeza kutu. Ingoje wekundu uishe, ndipo izungushwe polepole.

Ya nne ni keekee, nayo ni ya bolti iliyokatikia ndani kabisa. Itiwe alama katikati kwa panchi, kwa kipimo, kwani alama ikienda upande keekee itakula tundu badala ya bolti. Aanze kwa ncha ya milimita 3, kisha 5. Zipo ncha zikatazo kwa kuzunguka kinyume, na huenda bolti ikatoka pamoja nazo. Bolti ya milimita 8 yenye hesi za kawaida humalizikia ncha ya 6.8, na mabaki husafishwa kwa tapu.

Hapa ndipo penye hatari. Kile chombo cha kutolea bolti, chenye hesi za kushoto, chuma chake ni kigumu lakini chavunjika kama kioo. Kikikatikia ndani, keekee ya kawaida haikili.

Yalimfika mwanachama mwenzetu mmoja wa Pemba. Fundi alikuwa na haraka, kwa kuwa magunia yalikuwa yakingoja chini ya miti. Chombo kikakatika, ikabidi hedi nzima ifunguliwe na kupelekwa karakana yenye mashine. Gari lililala siku tisa. Karafuu zilitolewa kwa gari la ng'ombe, na zile zilizochelewa zilipata moto guniani. Bolti yenyewe bei yake haifiki nauli ya daladala kwenda mjini. Hatumtwiki fundi lawama peke yake, maana aliyesimama nyuma yake akimhimiza ni mwenye mali. Bolti ilikatwa na kutu, lakini chombo kilikatwa na haraka.

Basi twashauri mambo mawili. Kwanza, injini ifunguliwe na kukaguliwa miezi ya kupumzika, siyo siku ya kuchuma. Bolti yenye kutu itolewe ingali nzima, tundu lisafishwe, itiwe mpya ya urefu ule ule pamoja na grisi kidogo, wala isikazwe kupita kiasi. Pili, si kila mmoja wetu aweza kununua tapu au mashine ya kulehemu. Mwanachama aliye na vyombo hivyo, naye yu radhi kuazima, na alete jina lake ofisini, ili jirani yake akikwama kati ya msimu ajue pa kubisha hodi.