China ya zamani: kupiga magoti ili kupata soko

Mwaka 1371, kaizari Hongwu wa China alikataza raia wake kufanya biashara ya baharini kwa njia yao wenyewe. Inchi jirani iliyotaka soko ilipaswa kutuma wajumbe, walete zawadi na kupiga magoti.

Ryukyu, ufalme mdogo wa visiwa, leo Okinawa, ulikubali mwaka 1372. Wakapeleka farasi na salfa, wakarudi na hariri na vyombo vya kauri, wakaviuza mupaka Malacca.

Mwaka 1609 Wajapani wa Satsuma wakaivamia Ryukyu. Hawakukataza zawadi za kwenda China. Sababu gani? Wajapani wenyewe walikuwa wamefungiwa mlango huo. Kupitia Ryukyu, faida iliwafikia.