Yowe la Tumbili

Tumbili wa Amboseli, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro, hawatimki ovyo wakishtuka. Mmoja akimwona chui hulia, na kundi zima hukwea miti hadi kwenye vitawi vyembamba visivyoweza kumhimili mnyama mzito. Akimwona tai hulia kwa sauti nyingine, na wenzake hutazama juu au kukimbilia vichakani. Wa chatu ni mlio wa tatu: waliousikia husimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasi. Kuchanganya milio hii ni hatari, maana kichaka kinachomficha tumbili asionwe na tai ndicho chui anapopenda kuotea.

Thomas Struhsaker aliieleza milio hiyo mwaka 1967. Likabaki swali zito: je, ni sauti yenyewe inayopasha habari, au kila tumbili humwona adui kwa macho yake? Wataalamu wengi wa wakati ule waliamini kwamba kilio cha mnyama ni hofu inayomtoka tu, haina ujumbe. Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler wakairekodi milio, wakaficha spika porini, kisha wakaicheza wakati ambapo hapakuwa na chui, tai wala nyoka. Tumbili wakakwea, wakatazama juu, wakachungulia nyasi, kila mlio na jibu lake. Matokeo yakachapishwa mwaka 1980 katika jarida la Science, na hadi leo sijui jaribio la porini lililo rahisi na zuri kulishinda hilo.

Watoto wao hunivutia zaidi. Tumbili mchanga hupiga mlio wa tai akiona njiwa, korongo, hata jani linalopeperuka kutoka mtini. Hata hivyo hatoi mlio wa chui kwa ajili ya jani. Kitu kilicho angani hukipa mlio wa angani. Kadiri anavyokua huacha kuwahofia ndege wasio na madhara, akabaki na tai wachache wanaowinda jamaa zake kweli. Koo basi huja karibu tayari. Kinachohitaji malezi ni kujua wa kuogopwa.

Masikio nayo yana kazi. Watafiti walipocheza kilio cha mtoto aliyekuwa mbali, mama yake aligeukia ilikotoka sauti, lakini majike wengine walimtazama mama. Walijua mtoto ni wa nani! Tena, tumbili yuleyule akisikika mara nyingi akitangaza tai asiyekuwepo, wenzake humpuuza, lakini akitangaza chui bado humwamini. Hata mlio wa hofu wa kwezi, ambaye ni ndege kabisa, wanauelewa na kuchukua hadhari.

Mwaka 2015 uchambuzi mpya wa rekodi ulileta jambo lililowashangaza wengi: baadhi ya milio ya hatari hufanana sana na ile wanayoitoa wakigombana wao kwa wao. Kwangu hilo haliivunji kazi ya Amboseli, linaikamilisha. Yowe likipigwa usiku mtaani laweza kuwa la mwizi, la moto au la msiba, na jirani hupima ni nani aliyelipiga na linatokea wapi kabla ya kushika rungu au ndoo ya maji. Tumbili naye hana budi kupima vivyo hivyo.

Ushahidi mwingine kwamba sauti huja karibu tayari lakini cha kuogopwa hufunzwa ulitoka Senegali, kwa tumbili wa kijani, ndugu wa mbali wa hawa wetu. Julia Fischer na wenzake walirusha droni juu ya makundi yao, kitu ambacho wanyama hao hawakuwahi kukiona. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2019 waliripoti kwamba tumbili walitoa mlio tofauti na ile ya chui na nyoka, wenye kufanana mno na mlio wa tai wa Afrika Mashariki, ingawa koo hizo mbili zilitengana zamani mno. Baadaye watafiti walicheza sauti ya droni peke yake, kutoka kwenye spika iliyofichwa ardhini. Tumbili waliowahi kukutana na mashine hiyo mara chache tu walikagua anga.