Shaba Imerudi, Kumbukumbu Zinapotea

Kongo haijawahi kuchimba shaba nyingi kama sasa. Uzalishaji wa mwaka umepita tani milioni 2, ilhali Gécamines, kampuni ya taifa, katika kilele chake miaka ya 1980 ilifikia tani 470,000 hivi. Hata hivyo, historia ya uchimbaji huo inazidi kufifia Lubumbashi, mji uliozaliwa na shaba mwaka 1910.

Chanzo ni namna kumbukumbu hizo zilivyotunzwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière, iliyotangulia Gécamines, ilipunguza vibarua wa muda na kuwaweka wafanyakazi pamoja na familia zao katika komponi. Ilitoa nyumba, posho, matibabu na shule. Watu wakaiita baba na mama. Mzazi huyo alikuwa mkali: Desemba 1941 askari waliwamiminia risasi wafanyakazi waliogoma kudai mishahara. Lakini mtoto aliyezaliwa hospitali ya kampuni alisoma shule yake, kisha akashika kazi ya babake. Simulizi zilirithiwa pamoja na ajira.

Mnyororo huo ulikatika ghafla. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na katikati ya muongo huo Gécamines ilikuwa ikitoa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003, katika mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa malipo ya mkupuo.

Wenyeji hawakukaa kimya. Tayari mwaka 1965 André Yav alikuwa ameandika kwa Kiswahili cha huko historia ya mji huo kwa niaba ya watumishi wa nyumbani. Kuanzia 2000, mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi, ulioongozwa na wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, ulikusanya simulizi, nyimbo na vyombo vya nyumbani kutoka kwa familia zenyewe, ukavionyesha katika makumbusho ya mji. Ulifanya jambo ambalo kampuni haikulifanya: kumhesabu mke wa mfanyakazi, na chungu chake, kuwa sehemu ya historia ya mgodi.

Udhaifu wa juhudi za namna hii ni kwamba hutegemea watafiti wachache na ufadhili wenye mwisho, huku wasimulizi wakizeeka. Migodi mipya haizai wengine wa kuwarithi. Wengi huajiriwa kupitia wakandarasi, kwa mikataba mifupi, bila nyumba wala mtaa wa kampuni. Mtu wa namna hiyo anaondoka na mshahara wake tu. Hata ule mlima mweusi wa taka za tanuri, alama ya mji kando ya bomba la moshi, umekuwa ukichimbwa upya ili kutoa kobalti.

Sheria ya madini ya 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Barabara na zahanati zinastahili kutangulia. Lakini sehemu ndogo ya fedha hizo ingetosha kulipa mtunza nyaraka wa kudumu na kurekodi wastaafu waliobaki. Wanaopanga matumizi yake waanze na wastaafu, kwa sababu shaba inaweza kungoja ardhini; wazee hawawezi.