Je, Mtu Alitokana na Soko? Isimu na Hoja Nne Dhidi ya Mageuko ya Viumbe

Madhumuni ya makala haya ni kuzichunguza hoja nne zinazotolewa mara kwa mara dhidi ya nadharia ya mageuko ya viumbe. Mwandishi ni mwanaisimu, si mtaalamu wa elimuviumbe. Hata hivyo, isimu imezoea kuchunguza nasaba za lugha, na kwa hiyo ina neno la kusema hapa. Wala suala hili haliko mbali nasi. Katika misitu ya Punia, mashariki ya mto Lualaba, wamo sokwe na gorila. Upande wa magharibi, katika bonde la Lomami, wanaishi bonobo. Mhitimu wetu atakayekwenda kufundisha Punia ataulizwa maswali haya na vijana waliokulia kando ya misitu hiyo.

Hoja ya kwanza yasema: ikiwa mtu alitokana na sokwe, mbona sokwe wangalipo? Mwaka 1870, David Livingstone alipokuwa Maniema, aliandika habari za mnyama aliyeitwa soko, ambaye leo hutambuliwa kuwa ni sokwe. Nadharia haidai kwamba mtu alizaliwa na mnyama huyo. Yasema kwamba mtu na sokwe wana mhenga mmoja aliyekwisha kutoweka, aliyeishi yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Vivyo hivyo, Kiswahili husema mtu, Kilingala moto, Tshiluba muntu, na Kinyarwanda umuntu. Hakuna anayedai kuwa Kiswahili kilizaliwa na Tshiluba. Vyote viwili vimetokana na Kibantu cha awali. Kuuliza mbona sokwe wangalipo ni sawa na kumstaajabia binamu kwa kuwa yu hai.

Hoja ya pili: hakuna aliyewahi kuona sokwe akizaa mtu. Ni kweli, na lau jambo hilo lingeonekana, nadharia yenyewe ingeanguka. Hakuna mama aliyesema Kibantu cha awali akajibiwa na mwanawe kwa Kiswahili. Kila kizazi kilielewana na kilichokitangulia, ila tofauti ndogo ndogo zililimbikizana. Watu wakitengana kwa muda mrefu, lugha moja huwa mbili. Kwa viumbe ni hivyo pia: bonobo huishi ukingo wa kushoto wa mto Kongo tu, na sokwe ukingo wa kulia, ingawa wahenga wao walikuwa jamii moja.

Hoja ya tatu: ushahidi hakuna. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aligundua huko Nariokotome, magharibi ya ziwa Turkana, mabaki ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Alitembea wima kama sisi, lakini ubongo wake ulikuwa mdogo kuliko wetu. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili nchini Kenya walipinga jinsi mifupa hiyo ingeonyeshwa katika makumbusho ya Nairobi. Lakini kupinga maonyesho hakuiondoi mifupa.

Ushahidi mwingine umo miilini mwetu. Sokwe ana kromosomu 48, mtu 46. Kromosomu ya pili ya mtu ina, ndani yake, alama za ncha mbili zilizogusana: ni kromosomu mbili za kale zilizoungana. Mwanaisimu hatashangaa. Neno mwanamke, likitiwa katika wingi, huwa wanawake; badiliko la pili, katikati ya neno, lafichua kwamba hapo kale yalikuwa maneno mawili.

Hoja ya nne: hiyo ni nadharia tu. Katika mazungumzo ya kawaida, nadharia ni wazo lisilothibitishwa. Katika sayansi, ni maelezo yanayounganisha mambo mengi yaliyokwisha kupimwa. Tutazame malaria. Vimelea vichache vilivyoweza kuihimili klorokini vilisalia, vikazaana, hata dawa hiyo ikakosa nguvu, nayo nchi yetu ikaiacha mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mganga asiyeyajua mageuko atawezaje kueleza kwa nini dawa iliyomponya baba haikumponya mwana?

Yafaa tukiri kwamba mfano wa lugha una mipaka. Lugha jirani hukopeshana maneno, lakini sokwe na gorila hawakopeshani mikono. Mfano hufafanua, uthibitisho hutoka katika mifupa, chembe na vimelea.

Kwa kuhitimisha, nadharia ya mageuko haiulizi kama Mungu yupo, wala haina chombo cha kulipima swali hilo. Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1996, alikubali kwamba nadharia hii ni zaidi ya dhana tupu, naye hakuiacha imani yake. Basi mwalimu asimlazimishe mwanafunzi kuchagua kati ya sala na somo. Amfundishe kwanza kuuliza: hoja hii yapinga kile ambacho nadharia yasema, au kile ambacho haijapata kusema?